Stendi Iliyonyamazishwa

Kilichomuuma Dobi si goti. Goti lilichubuka, likavuja damu, likapakwa dawa, basi. Kilichomuuma ni maneno ya wifi yake, tena aliyasema palepale kwenye korido ya hospitali, kwa sauti ya kunadi mitumba, watu wote kwenye mabenchi wakisikia.

"Si nilisema? Mfua nguo na pikipiki, wapi na wapi! Ona sasa, ametuvunjia mama!"

Ametuvunjia mama. Utadhani mama ni sahani. Na mumewe Dobi, kaka wa huyohuyo wifi, alikuwa amesimama pembeni, ameushika mkoba wa mama yake kwa mikono miwili, kimya kama maji mtungini. Dobi alimkodolea macho akisubiri aseme walau, "Dada, punguza sauti." Wapi! Alikuwa anaangalia vigae vya sakafu kama vile kuna mtu amemwajiri avikague.

Tuseme ukweli kwanza, maana uongo utakuja wenyewe mbele ya safari. Dobi alijua kuendesha pikipiki kabla hata hajaolewa. Kila asubuhi alifunga vifurushi vya nguo alizofua na kuzipiga pasi, akavisambaza: mashuka kwenye nyumba za wageni, makoti meupe kwenye zahanati, mataulo kwenye saluni. Mchana anamwachia mumewe pikipiki, naye anakwenda kijiweni kubeba abiria. Pikipiki moja, watu wawili, nyumba inakwenda. Huko kijiweni mume walimwita Injinia, kwa sababu hapakuwa na kitu asichoweza kukifungua. Kukifunga tena ilikuwa habari nyingine.

Na mama mkwe? Huyo alikuwa mtu wa mwili, mwenye goti bovu na mdomo mzima. Kila alipotakiwa kwenda kupimwa presha alikataa katakata kupelekwa na mwanawe. "Anaendesha kama anafukuzwa na polisi," alisema. "Nipeleke wewe, mkwe." Kumpandisha kulikuwa na utaratibu wake. Dobi anakaa kwanza, stendi ya pembeni ikiwa chini ili pikipiki isiyumbe. Mama anakanyaga tofali, anashika bega la mkwe, anajivuta, analalamika, anamlaumu marehemu mumewe ambaye hakuhusika kwa lolote, kisha anakaa upande, anaweka nguo vizuri na kutoa amri: "Haya, twende, usiniue."

Katika purukushani zote hizo, Dobi alikuwa anasahau kupandisha stendi. Haikuwa siri, na wala haikuwa na madhara, maana pikipiki yenyewe ilimkumbusha. Ukiingiza gia stendi ikiwa chini, injini inazima papo hapo. Ina kiswichi kidogo pale stendi ilipofungwa, kimewekwa kwa kazi hiyo tu. Injini ikizima, mama mkwe anacheka huko nyuma: "Imekukaripia tena!" Dobi anaipiga stendi teke, anawasha upya, wanaondoka. Ndivyo walivyozoea miaka yote, na hapakuwa na aliyewahi kuumia.

Siku hiyo haikuzima. Waliondoka vizuri, wakapita mbele ya maduka ya vifaa vya ujenzi, mama akisimulia ugomvi wake na jirani. Walipofika kwenye kona ya kushoto, pale barabara inapobana, Dobi akalaza pikipiki kidogo kama kawaida. Stendi ikakwaruza lami, ikagoma, ikainua pikipiki kutoka chini. Alisikia chuma kikilia, akasikia mama akisema "Mkwe!" mara moja tu, halafu wote wawili walikuwa chini. Gari lililokuwa nyuma yao lilifunga breki likasimama karibu kabisa na kichwa cha mama. Dereva alishuka anatetemeka kuliko wao.

Mama alivunjika mkono, mfupa wa juu ya kiwiko. Wakamfunga plasta hadi begani.

Sasa rudi kwenye ile korido. Dobi alikuwa anajua kuwa alisahau stendi. Hakukataa. Alimwambia daktari, alimwambia wifi, angemwambia na mfagiaji kama angeuliza. Alijilaumu mpaka akakosa hamu ya maji. Lakini swali moja halikumwacha: mbona haikuzima?

Kesho yake asubuhi aliamka akijikaza kisabuni. Nguo za watu hazijui kama mama wa mtu kalazwa. Alifua, akaanika uani, na mashuka yakawa yanadondosha maji juu ya pikipiki ambayo vijana wa kijiweni walikuwa wameileta na kuiegesha chini ya kamba. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka, usukani umepinda kidogo. Ufunguo ulikuwa palepale. Dobi akakaa juu yake ili aisogeze. Akawasha, akashika klachi, akaingiza gia. Ndipo alipotazama chini, akaona stendi imesimama imara ardhini.

Injini inanguruma tu, haina habari.

Alizima. Akawasha tena, akaingiza gia tena, stendi ikiwa chini vilevile. Ikanguruma. Alirudia hadi jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna shida. "Hakuna," Dobi alisema.

Alizima, akalala chali kwenye maji ya mashuka, akaingiza kichwa chini ya pikipiki. Waya uliotoka kwenye ile swichi ulikuwa umekatwa. Juu yake kidogo, nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa kitambaa cheupe, halafu tepu nyeusi ya umeme iliyokwisha kabla ya kufika mwisho. Kitambaa hicho Dobi asingeweza kukisahau hata usingizini. Kilikuwa utepe wake, ule anaoufunga kwenye kila kifurushi ili nguo za mteja huyu zisiende kwa yule. Alama ya wino ilikuwa bado inasomeka: duara lenye msalaba katikati, alama ya makoti ya zahanati. Mkono wake mwenyewe ndio ulioichora.

Hapo ndipo yote yalipomrudia. Wiki kadhaa nyuma pikipiki ilikuwa inazima hovyo njiani, hata stendi ikiwa juu, kwa sababu ile swichi ilijaa tope. Fundi wa mtaani alisema iachwe kwake ashinde nayo, aifungue, aisafishe, na ikishindikana aweke nyingine. Mumewe akajibu kuwa hana siku ya kukaa bure. Baada ya hapo ikaacha kuzima. Dobi, mjinga wa watu, akamsifu! "Afadhali, siku hizi haisumbui. Ulifanyaje?" Naye Injinia akajifuta mikono na kujibu, "Nimeisafisha tu." Wiki hiyohiyo Dobi aliuliza ni nani aliyekata utepe wake, na mwanamume yuleyule akamwambia, "Sijui, labda panya."

Panya! Panya anayejua kusokota nyaya!

Damu ilimchemka hadi masikio yakaziba. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Wengine wangekimbilia kijiweni wakamvue nguo mbele ya wenzake, na nani angewalaumu? Dobi naye alifika mpaka getini, mguu mmoja nje. Akasimama. Akajiambia: acha kwanza. Mtu anaweza kukosa. Mtu anaweza kuogopa mbele ya dada yake. Akirudi nitamuuliza kwa upole, sisi wawili tu, nimpe nafasi aseme mwenyewe.

Jioni mumewe alirudi, akamkuta anapiga pasi. Dobi hakuinua macho.

"Mume wangu, nilikuwa nataka kukuuliza. Ile pikipiki, kabla hatujaanguka, ilikuwa na kasoro yoyote unayoijua wewe?"

Mume alivua viatu taratibu. Alivipanga. "Kasoro gani? Haikuwa na kasoro. Ulisahau stendi, basi. Imeshatokea."

"Una uhakika?"

"Mke wangu, usijitese. Kusahau ni ubinadamu." Akamshika bega, tena kwa huruma kabisa. "Mimi nimeshakusamehe."

Loh! Hebu sikia hiyo. Amesamehe! Dobi alisimama na pasi mkononi, au tuseme pasi ilisimama na Dobi, maana aliigandisha palepale mpaka moshi ukaanza kutoka. Tangu aanze kazi ya udobi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Siku hiyo aliunguza, na kwa bahati ilikuwa shati la kutokea la mumewe, kwa hiyo hakuona haja ya kusikitika.

"Asante," alisema. Usiku huo hakulala vizuri.

Mama alipotoka hospitali, wifi aliitisha kikao cha familia. Familia yenyewe ilikuwa watu wanne, lakini wifi ni mtu wa kuitisha vikao. Alikaa kwenye kochi kubwa peke yake. Mama alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa uani, mkono umening'inia kwenye kitambaa, uso umechoka. Tangu aanguke alikuwa hajamsemesha Dobi, na hilo lilimkata Dobi maini kuliko kelele zote za wifi, kwa sababu mama yule alikuwa akimgombeza kila siku na kunyamaza kwake kulikuwa kitu kigeni.

"Sitaki kumung'unya maneno," wifi alianza. Hakuwahi kumung'unya maneno maishani mwake. "Wifi, hatukuchukii. Lakini wewe ni mzembe, na uzembe wako nusura utuzikishe mama. Kuanzia kesho hugusi pikipiki. Fua, piga pasi, hiyo kazi unaiweza. Kusambaza nguo nitasambaza mimi. Mimi nimejifunza kwenye chuo cha udereva, nina leseni, sikuokota barabarani. Na wateja wako nitawapitia mmoja mmoja niwaeleze, wasije wakashangaa."

"Uwaeleze nini?" Dobi aliuliza.

"Kwamba uliangusha mtu."

Wateja wake. Zahanati iliyomwamini na makoti yake, saluni, wenye nyumba za wageni waliokuwa wanampungia mkono wakimwona anaingia na vifurushi nyuma. Jina lake lote linakwenda kupakwa matope kuanzia kesho asubuhi, mlango kwa mlango, na mpakaji anayo leseni. Dobi alimgeukia mumewe. Alimpa nafasi ya pili, na huko ndani ya moyo alikuwa anamwomba: sema, mwanamume wewe, sema sasa hivi na mimi nitasahau lile shati na ule msamaha wako.

"Kaka, wewe unasemaje?" wifi aliuliza.

Injinia alikohoa. "Mimi sina la kuongeza." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa pikipiki, akamwekea dada yake kiganjani.

Basi. Imetosha. Dobi alisimama, na sauti iliyomtoka hata mwenyewe hakuifahamu.

"Twendeni uani."

"Twende uani kufanya nini?"

"Wifi, si una leseni? Si umepewa ufunguo? Njoo uijaribu pikipiki yako. Au unaogopa?"

Wifi hakuwa mtu wa kuambiwa anaogopa. Alitoka mbele, kaka yake akafuata akisema, "Haina haja, haina haja jamani, jioni imeingia," na jua lilikuwa bado linawaka kwenye mashuka. Mama akabaki kwenye kiti chake, akakigeuza tu kuelekea mlangoni.

Wifi alikaa juu ya pikipiki, akajinyoosha mgongo kama yuko kwenye mtihani. Akawasha.

"Ingiza gia," Dobi alisema.

Wifi alichungulia chini, akacheka kwa dharau. "Stendi iko chini. Nikiingiza gia itazima. Unadhani mimi sijui? Hilo ni somo la kwanza chuoni."

"Shika klachi, ingiza gia."

"Itazima, nakwambia!"

"Wifi! Ingiza!"

Akaingiza. Injini iliendelea kunguruma. Wifi akatazama stendi, akatazama gia, akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akazima mwenyewe, kwa mkono, akashuka polepole.

"Hii imekuwaje?"

"Muulize Injinia," Dobi alisema. "Ndiyo kazi aliyoifanya yeye kwa mikono yake, akanikabidhi bila kuniambia, nikampakia mama yake. Inama uangalie, huo utepe ni wangu. Aliniambia umeliwa na panya. Amekata waya wa usalama, amefunga na utepe wangu, akaniacha niendeshe kitu nisichokijua. Nimeanguka, nimechubuka, nimetukanwa mbele ya wagonjwa, na yeye kimya! Nimemuuliza chumbani, sisi wawili tu, nimemuuliza kwa heshima zote, akanijibu amenisamehe! Amenisamehe mimi! Wewe mwanamume, unanisamehe mimi kwa lipi?"

Majirani walikuwa wameshajipanga ukutani. Dobi aliwaona na hakujali. Waone.

"Nilikuwa nakusudia kukuambia," mume alisema.

"Lini?"

"Nilisahau. Halafu ikatokea ilivyotokea, nikaona... Kijiweni wote wanafanya hivyo. Ilikuwa inazima barabarani, malori nyuma, mngekuja kugongwa. Nilifanya kwa nia njema."

"Nia njema nimeielewa! Inazima hovyo, umeogopa, umeikata, haya. Ungeniambia. 'Mke wangu, stendi haikumbushi tena, angalia mguu wako.' Mimi ningeangalia mguu wangu! Wewe ulijua, ndiyo maana kila ukipanda unatazama chini. Miguu yako umeionya, yangu umeiacha."

Wifi alikuwa anautazama ule ufunguo mkononi mwake, anaugeuzageuza. Alipofungua mdomo, hakumwangalia Dobi.

"Kaka. Huu ufunguo umenipa sasa hivi."

"Dada, sikiliza..."

"Kesho alfajiri nilikuwa naondoka na hii. Mimi na mizigo nyuma. Ungeniambia?"

Mume alirudi nyuma hatua moja. Ungemhurumia kama usingekuwa umeyasikia yote ya mwanzo.

"Nakuuliza! Ungeniambia, au ungesubiri nianguke na mimi, halafu unisamehe?"

Hakujibu. Na kutojibu kwake kila mtu uani alikuelewa. Wifi aliutupa ufunguo kwenye beseni la maji ya sabuni, akaenda kusimama kando, mikono kichwani. Hakuomba radhi. Ila alikuwa amesimama upande wa Dobi, na hilo halikuwahi kutokea.

Ndipo mama alipoita kutoka mlangoni. Alimwita mwanawe kwa lile jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelitumia, akamwambia asogee karibu. Akasogea.

"Pale hospitali daktari aliniuliza nimeangukaje," mama alisema taratibu. "Nikamwambia mkwe wangu ni mzembe. Nilimwambia hivyo, na yeye mwenyewe yupo, ananipepea. Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa umenishikia mkoba."

"Mama..."

"Ulikuwa umenishikia mkoba wangu, mwanangu. Ukanisikia. Ukanyamaza."

Alianza kulia bila sauti, akijifuta kwa mkono ule mmoja mzima. "Mkwe," alisema, "mimi nimekukosea." Dobi alitaka kumwambia yameisha, lakini hayakuwa yameisha, kwa hiyo alimwekea tu mkono begani.

Kisha akaenda kwenye meza ya pasi, akachukua mkasi wake wa kukatia tepe, akalala chini ya pikipiki na kukata ule uchafu wote. Utepe ulidondoka kwenye tope. Akainuka, akauopoa ufunguo kutoka kwenye povu la sabuni.

"Sasa haitakwenda, maana ikiingizwa gia tu itazima," alimwambia mumewe. "Isukume mpaka kwa fundi. Mchana huuhuu, watu wakikuona. Umwambie aweke swichi mpya, na umwambie ni nani aliyekata ile ya zamani. Halafu upite zahanati na saluni na nyumba za wageni, uwaeleze ukweli, badala ya yale dada yako aliyotaka kuwaeleza. Mimi nitawauliza kama umefika."

"Na tukimaliza hayo?"

"Hayo kwanza."

Injinia alishika usukani. Jirani mmoja ukutani akapiga mbinja, mwingine akamwambia nyamaza wewe. Mume alikuwa amekasirika, ameona haya, hataki kumtazama yeyote, akaisukuma pikipiki kuelekea getini kwa nguvu zake zote. Stendi bado ilikuwa chini, na mbele yake getini kulikuwa na kile kizingiti cha zege.

Dobi aliiona. Pale uani hakuna mwingine aliyeiona. Alikuwa amesimama na mkasi mkononi, na kwa muda mfupi, si uongo, alitaka kunyamaza. Angenyamaza vizuri tu. Chuma kingegonga zege, pikipiki ingemlalia mguuni, na yeye angekuwa wa kwanza kumkimbilia na kumsamehe.

"Stendi!" akapiga kelele.

Mumewe alisimama ghafla. Akatazama chini, akaona, akaipandisha kwa unyayo. Akageuka kumtazama mkewe.

"Umeona?" Dobi alisema. Sauti ilikuwa imemkatika na macho yamejaa machozi ya hasira. "Neno moja tu. Hata wewe ungeliweza."

Mume akaisukuma pikipiki nje, na Dobi akarudi kuanua mashuka.